Uzoefu wangu na mionzi ya kutibu saratani ya jicho, miaka mitatu baadaye

Mimi ni mshonaji hapa Leicester, Uingereza, kanzu na magauni ya Idi zaidi. Mwaka 2021 nilikwenda duka la miwani kubadilisha lenzi tu. Kijana aliyenipima alinyamaza muda mrefu, akapiga picha ya pili ya jicho la kushoto, kisha ya tatu. Hazikupita wiki mbili nikaambiwa ni melanoma ya koroidi, saratani inayoota ndani ya jicho, nyuma ya retina, ule utando unaopokea mwanga. Huwapata zaidi watu weupe wenye macho ya rangi hafifu. Kwetu sisi weusi ni nadra, lakini mimi nilikuwa nayo.

Nilipewa njia mbili: jicho litolewe, au niwekewe kisahani cha mionzi. Daktari alinieleza utafiti mkubwa wa Marekani wa wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa kadiri. Waliowekewa kisahani na waliotolewa jicho waliishi sawasawa. Basi nikasema jicho libaki.

Kisahani chenyewe ni kidogo, kama kifungo kikubwa cha koti, cha fedha, na kina rutheniamu-106, madini yanayotoa mionzi. Ukiwa kwenye nusu kaputi wanakishona kwenye weupe wa jicho kwa nje, sawasawa na pale uvimbe ulipo kwa ndani. Nilikaa nacho siku nne, chumba cha peke yangu. Binti yangu alikuwa mjamzito, kwa hiyo hakuruhusiwa kuingia. Alisimama chini kwenye maegesho ya magari tukaongea kwa simu, nikimwangalia dirishani huku ameshika tumbo. Siku hizo nne ndizo zilizoniuma kuliko kidonda.

Wiki za mwanzo jicho liliwasha na kutoa machozi, na kwa kuwa walilegeza msuli mmoja ili kisahani kikae, niliona kila kitu viwili viwili. Baada ya mwezi na nusu hali hiyo ikaisha. Nilipopimwa nilisoma 6/9, yaani kwa mita 6 naona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita 9. Nikapiga simu Unguja, nikawaambia nimepona, mama akasomesha dua.

Ninayetaka anisikie ni mtu aliyeko hapo, kwenye furaha ile.

Mwezi wa kumi na tisa nilikuwa napiga pindo kitambaa cha mistari. Mistari ikapinda katikati kama maji yaliyotikiswa. Nikakinyoosha, nikakipiga pasi, bado imepinda. Nikafumba jicho la kushoto, ikanyooka.

Mionzi iliyoua uvimbe ilikuwa imedhoofisha vimishipa vya damu vya retina. Huvujisha polepole, na makula, yaani kitovu cha retina tunachosomea, huvimba. Mara nyingi hutokea kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Kwenye utafiti uleule, miaka mitatu baada ya kisahani, wagonjwa 43 katika kila 100 walikuwa na uoni wa 6/60 au chini zaidi kwenye jicho lililotibiwa. Idadi hiyo niliipata nilipoiuliza mwenyewe, mistari ikiwa imeshapinda. Kijitabu nilichopewa hospitalini kilieleza machozi na kuwasha ukurasa mzima, na jambo hili kwa sentensi moja. Hilo bado linaniuma.

Tangu hapo nachomwa sindano ndani ya jicho kila baada ya wiki sita. Ganzi ni ya matone, na sindano yenyewe haiumi sana. Kinachochoma ni dawa ya kusafishia, jioni nzima. Mwaka 2023 nilitolewa pia mtoto wa jicho, naye aliletwa na mionzi. Leo nasoma 6/36. Nikimimina chai nagusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza, la sivyo inamwagika mezani. Uzi natungiwa na mjukuu.

Uvimbe ulikuwa na unene wa milimita 4, sasa haufiki 2. Ini napigwa altrasaundi kila miezi sita, maana saratani hii ikisambaa hupenda kwenda huko. Mpaka sasa ni safi, alhamdulillah. Ningerudishwa nyuma ningechagua kisahani hichohicho.

Ila ndugu yangu, kabla hujatia saini, uliza uvimbe wako uko umbali gani na makula na neva ya jicho, na nani atakuchoma sindano retina ikianza kuvuja. Wangu ulikuwa milimita 2 kutoka makula. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili langu tangu siku ya kwanza.