Breka iliyoruka kila nikipiga pasi: uzoefu wangu na fundi wa pili

Kwa wiki mbili nilikuwa nikichomeka pasi chumbani, nyumba nzima inazima. Nikienda kwenye boksi la umeme nakuta iliyoshuka ni ile breka pana yenye kitufe cha T, ambayo mafundi huiita RCD. Naipandisha, umeme unarudi. Nachomeka pasi, giza. Nikaamini pasi ndiyo mbovu, nikanunua nyingine. Nayo ikafanya vilevile.

Fundi wa kwanza hakukaa hata nusu saa. Alisema breka ya soketi imezidiwa, akatoa ya ampea 20 akaweka ya 32. Hakupima chochote. Alipoondoka nikachomeka pasi, RCD ikashuka. Nikampigia simu, akasema basi atakuja kuiondoa kabisa hiyo RCD kwa sababu inasumbua tu. Nilikataa. Nina mtoto anayetambaa, na hiyo ndiyo breka inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, hata ukiwa miliampea 30 tu. Breka za kawaida hazihisi kiasi kidogo namna hiyo, lakini mwili wa mtu unakihisi.

Fundi wa pili ndiye aliyenifanya niandike haya. Kabla hajashika bisibisi aliniuliza maswali. Inashuka breka ipi hasa? Inashuka papo hapo au baada ya muda? Nikamweleza na jambo lililokuwa limenichanganya: niliwahi kushusha breka ya soketi za jikoni, nikachomoa kila kitu huko, na bado pasi ya chumbani ikaangusha RCD.

"Dada, hapo umenirahisishia kazi," akasema.

Akanieleza kwamba zile breka ndogo kwenye boksi langu hukata waya wa moto peke yake. Nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, inabaki imeungwa. Kwa hiyo kama nyutro ya jikoni imegusana na ethi (waya unaokwenda ardhini) mahali fulani, kushusha breka ya jikoni hakubadilishi kitu. Umeme uliotumiwa na pasi chumbani, ukiwa unarudi kwa nyutro, unakuta njia mbili, na sehemu yake inachepukia kwenye ethi. RCD kazi yake ni kulinganisha unaotoka na unaorudi. Ikiona umepungua, inakata. Taa na chaja ya simu hazikuwa zikiiangusha kwa sababu zinavuta umeme mdogo, na unaochepuka unakuwa mdogo pia. Pasi inavuta ampea kadhaa. Kumbe pasi zote mbili zilikuwa nzima!

Kazi yenyewe niliisimamia mwanzo mwisho. Alizima swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, tukachomoa kila kitu, hadi friji. Akafungua nyutro moja moja kutoka kwenye ukanda wake, kila moja akiipima na ethi kwa mita inayosukuma volti 500. Ya taa ilisoma zaidi ya megaomu 200, maana yake haijagusana na ethi. Ya soketi za vyumbani vilevile. Ya jikoni ilisoma karibu na sifuri, yaani imegusana, akanigeuzia mita nione kwa macho yangu.

Hakuanza kubomoa ukuta. Alifungua soketi ya katikati, akatenganisha waya, akapima upande huu na upande ule, akajua tatizo liko upande gani. Mwisho tukasogeza kabati. Nyuma yake, skrubu inayoshikilia soketi ilikuwa imeukandamiza waya wa nyutro kwenye boksi la chuma. Ganda la waya lilikuwa na kovu dogo kama tundu la sindano, na ndani yake shaba inang'aa. Hapo nikakumbuka: soketi hiyo ilikuwa inacheza, tukaikaza wenyewe siku chache kabla ya tabu kuanza.

Alikata kipande kilichoumia, akaunga upya, akapanga waya mbali na skrubu, akapima tena. Zaidi ya megaomu 200. Kisha akarudisha breka ya ampea 20 bila mimi kumwomba. Waya za soketi zangu ni za milimita za mraba 2.5, na kwa namna zilivyopita ndani ya ukuta, ile ya 32 ingeziacha zichemke bila kujikata. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana fundi wa kwanza aliniachia hatari ambayo sikuwa nayo kabla hajaja.

Nampa nyota nne kati ya tano. Alichelewa siku nzima bila kunijulisha, na kazi ilichukua karibu saa tatu. Majina ya breka kwenye boksi aliyaandika baada ya mimi kumkumbusha. Lakini kabla ya kuondoka alibonyeza kitufe cha T mbele yangu, RCD ikashuka, akaipandisha, akaniambia nilete pasi. Nikaleta ile ya zamani. Ikapata moto, taa zikabaki zinawaka.