Spika za laptopu zimenyamaza: adapta ya elfu 12 na fundi wa Kariakoo

Nafundisha twisheni ya fizikia nyumbani, na wanafunzi sita hawawezi kugawana hedifoni moja. Kwa hiyo laptopu yangu iliponyamaza, kazi nayo ilisimama. Ni ya mtumba, zile zilizokwisha kutumika maofisini huko nje, na muda wote niliokuwa nayo haikuwahi kunisumbua. Haikukwaruza wala kufifia kidogo kidogo. Kimya tu, ghafla. Nilitoa hela mara mbili kuhangaikia jambo hili, mara ya kwanza kwa adapta ya sauti ya USB, mara ya pili kwa fundi, na hela hizo mbili hazikufanya kazi sawa hata kidogo.

Kabla ya hela nilimaliza ya bure. Nilihakikisha sauti haijazimwa, nikabofya alama ya spika pale chini kulia kuona inaelekezwa wapi, maana ukiwa mtu wa projekta au televisheni, Windows wakati mwingine inaendelea kuituma sauti huko kwenye waya wa HDMI. Haikuwa hivyo. Nikaondoa draiva ya sauti, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia chipu ya sauti, nikawasha upya, Windows ikairudisha yenyewe. Kimya. Nikachomeka hedifoni: sauti safi, masikio yote mawili.

Hapo napenda msomaji asimame kidogo, kwa sababu jaribio hilo halina gharama na linafuta dhana nyingi kwa mkupuo. Chipu ya sauti ikifa, hedifoni nazo hazisikiki. Draiva ikiwa mbovu, vivyo hivyo mara nyingi. Hedifoni zikiimba, basi mtuhumiwa yuko kwenye spika zenyewe, kwenye waya unaozifikia, au kwenye tundu la hedifoni. Ukienda kwa fundi ukiwa na jibu hilo mkononi, hakupeleki anakotaka.

Fundi wa kwanza, wa mtaani kwetu, alijaribu kunipeleka. Hakuiwasha. Aliigeuza, akatazama stika ya chini, akasema, “Mama, hii ni mazabodi. Laki na nusu, uiache mpaka Ijumaa.” Mazabodi ndiyo ubao mkuu wa saketi wa laptopu. Nikamwambia hedifoni zinasikika vizuri. “Ndivyo inavyoanzaga, mama.” Nikaaga.

Ndipo nikanunua adapta. Ni kidude kidogo kama flashi, upande mmoja USB, upande wa pili matundu mawili, la spika na la maikrofoni. Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey alinihakikishia kwamba “inarudisha sauti”. Inarudisha kweli, ila si kwenye spika za laptopu. Ndani ya adapta kuna chipu yake ya sauti. Ukiichomeka, laptopu inaruka mfumo wake wa ndani na kutumia huo wa nje. Spika zako za ndani zinabaki bubu vilevile, na utahitaji spika za kuchomeka kwenye hiyo adapta. Mwenye chipu iliyokufa, au tundu la hedifoni lililovunjika, atakuwa amepata dawa kwa bei ya chakula cha mchana. Mwenye tatizo kama langu amenunua kitu kinachofanya kazi ambayo tayari ilikuwa inafanyika. Kama kifaa sina ugomvi nayo: haikuhitaji kusakinisha chochote, sauti yake haina mvumo, na imebana vizuri kwenye tundu. Nyota nne. Muuzaji nampa mbili.

Spika ya Bluetooth nilikuwa nayo pia, nikaitumia kwa muda. Kwa muziki haina shida. Kwa video ya majaribio, nyundo inagonga kengele, mlio unafuata baadaye kidogo, na wanafunzi wanacheka badala ya kuandika.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Ni kijana, ana meza moja tu ghorofa ya kwanza kwenye jengo la Kariakoo lenye ngazi za giza, na foleni yake si ya kuchezea. Nilifika asubuhi nikapata zamu baada ya adhuhuri. Nilipomweleza, swali lake la kwanza lilikuwa, “Zote mbili zilizima siku moja?” Nikasema ndiyo. “Basi siyo spika, Mwalimu. Mbili haziwezi kupatana zife pamoja.”

Kabla hajashika bisibisi alichomeka flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, akaiwasha laptopu kutokea humo bila kugusa Windows yangu wala mafaili yangu. Hii ni njia ambayo yeyote mwenye flashi ya kutosha anaweza kuifanya nyumbani. Sauti ikitoka huko, ugonjwa uko kwenye Windows na huna haja ya kufungua chochote. Haikutoka. Lakini kwenye mipangilio ya sauti ya Ubuntu kulikuwa na kitu ambacho Windows yangu ilikuwa haikionyeshi wazi: ilikuwa imeandika kwamba hedifoni zimechomekwa, na tundu lilikuwa tupu.

Tundu la milimita 3.5 lina vijisahani vya chuma vinavyogusana na plagi, na kimoja kazi yake ni kutoa taarifa tu: kitu kimeingia, kitu kimetoka. Kikipokea kwamba plagi imeingia, laptopu inazima spika. Chetu kilikuwa kimeganda katika hali ya “imeingia”. Alimulika kwa tochi ya simu, akaniita nichungulie. Mle ndani mlikuwa na pamba iliyoshindiliwa ikawa kama kipande cha fulana, na kwenye kijisahani kimoja kutu ya kijani. Hewa yetu ya Dar, yenye chumvi na unyevu, haionei huruma shaba. Alizima, akatoa betri, akaichokonoa ile pamba kwa kijiti cha meno, kisha akapitisha kibrashi chembamba cha plastiki kilicholowa spiriti, taratibu, akisubiri ikauke. Alipowasha, sauti ikarudi.

Ikarudi na mkwaruzo upande wa kulia, kila besi inapogonga. Hapa ndipo aliponipata. Angeweza kusema “umeona, spika nazo”, nikalipa. Badala yake alifungua kifuniko cha chini, akachomoa konekta ya spika, akapima kwa mita: kila moja ilisoma karibu omu 4, sawasawa na ilivyoandikwa mgongoni. Akachukua betri ya rimoti, akaigusisha na waya mbili za kila spika kwa sekunde moja tu, kushoto ikasema “tk”, kulia ikasema “tk” yenye makapi. Koili, yaani waya uliosokotwa ndani ya spika, ni nzima, akasema, kilichochanika ni ngozi yake. Akanionyesha: ufa mwembamba pembeni mwa utando, ambao nisingeuona bila kuinamisha spika kwenye mwanga. Nikamwomba anirudie lile la betri, nimelihamishia darasani kwangu.

Akanipa uchaguzi. Niache hivyo na kuepuka sauti ya juu, au nibadilishe jozi nzima, kwa sababu zinauzwa pamoja zikiwa zimeunganishwa kwa waya mmoja. Alinishauri nichukue zilizotoka kwenye laptopu ya spea ya modeli ileile kuliko mpya za kuiga, ambazo alisema zina sauti ya kopo. Alisoma namba ya stika ya spika, akampigia mtu, na boda akazileta. Elfu 35 spika, elfu 15 usafi wa tundu na ufundi. Hamsini jumla, theluthi ya ile “mazabodi”.

Kasoro zipo. Skrubu moja ya chini ilipotea na akaweka yenye kichwa kingine. Risiti ni ya mkono, na waranti ya mwezi mmoja kaiandika nyuma yake kwa kalamu baada ya mimi kuiomba. Besi ya spika hizi ni hafifu kuliko za zamani zilivyokuwa zikiwa nzima. Na hapokei simu akiwa kazini, kwa hiyo huwezi kujua foleni ikoje mpaka umepanda zile ngazi. Nyota nne na nusu, na hiyo nusu iliyokatika ni ya skrubu.

Tundu sasa nimeliwekea kizibo cha mpira, vinauzwa mia tano. Adapta nimempa mdogo wangu. Kompyuta yake ya mezani tundu la hedifoni lilivunjikia ndani, na kwake inafanya kazi bila tatizo.