Kahawa Isiyo na Kafeini: Nimeonja ya Kopo, ya Soya na ya Kokwa za Tende

Assalaam aleikum, habari zenu nyote, karibuni tena mezani. Leo mbele yangu kuna dele la kahawa, vikombe vidogo vya baraza, sahani ya kashata, na vitu vitatu vinavyojiita kahawa ilhali havina kafeini, au vina kidogo sana. Tutavionja kimoja kimoja. Lakini kwanza nijibu swali ambalo mmekuwa mkiniuliza sana kila Ramadhani inapokaribia: siku za mwanzo za mfungo kichwa kinauma mpaka jicho linataka kutoka, mtu akifuturu na kupata kahawa yake kinatulia. Je, ile ni njaa, ni kiu, au ni kahawa?

Kwa mnywaji wa kila siku, mara nyingi ni kahawa. Tukiwa macho, mwili unatengeneza kitu kinaitwa adenosini, na kadiri kinavyojaa ubongoni ndivyo uzito wa usingizi unavyotuingia. Kafeini inakwenda kukaa pale pale ambapo adenosini ingekaa. Uchovu upo, ila taarifa yake haikufikii. Ukinywa kila siku ubongo nao unajirekebisha, unaongeza nafasi za adenosini. Sasa siku kafeini haikuja, adenosini inakuta nafasi tele: unakuwa mzito, hasira zinakuja bila sababu, akili haitulii kwenye kazi, mishipa ya damu kichwani inatanuka na kichwa kinagonga. Hiyo ni arosto, jamani. Tumezoea kuisema kwa watu wa madawa, lakini ya kahawa ipo, na Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliiingiza kwenye mwongozo wake wa magonjwa mwaka 2013.

Angalieni muda wake sasa. Huanza masaa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, inafikia kilele ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na kwa wengi inaisha kati ya siku 2 na 9. Huku kwetu mfungo ni masaa 13 na kidogo. Aliyekunywa mara ya mwisho baada ya tarawehe, akala daku bila kahawa, ikifika alasiri yuko katikati kabisa ya muda huo. Ndiyo maana kumi la kwanza la mfungo likielekea mwisho watu wanasema "sasa nimeuzoea mfungo". Sehemu ya walichozoea ni kukaa bila kafeini mchana.

Na hapa nina jambo ninalolisisitiza kwa sababu naliona kila siku. Mtu anaacha kahawa, kichwa kinamuuma, anakwenda duka la dawa kununua Panadol Extra, anameza mbili, anapata nafuu, anafurahi kwamba kahawa ameishinda. Geuza pakiti usome. Kila kidonge kina parasetamo miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Vidonge viwili ni miligramu 130 za kafeini, karibu sawa na kikombe kikubwa cha kahawa. Hajaacha, amehamia kwenye kidonge. Kama unaacha kahawa na kichwa kinauma, omba parasetamo ya kawaida, na umwambie mfamasia sababu.

Vile vile chai ya rangi. Majani ya chai yana kafeini, kidogo kuliko kahawa lakini ipo, na tangawizi ukiyatia haiyaondolei kitu. Kola zina kafeini. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda wanakata usingizi navyo, Red Bull ya mililita 250 ina miligramu 80. Kwa hiyo anayeniambia "mimi kahawa sinywi kabisa" namuuliza kwanza siku yake inaanza na nini.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa kiwango mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya miligramu 400 kwa siku hazimdhuru, mjamzito na anayenyonyesha wasizidi 200. Ugumu wetu ni kwamba kahawa ya dele haina kipimo. Buni ya Kagera zaidi ni robusta, ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga zaidi ni arabika, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Muuza kahawa akiweka robusta tupu na dele likashinda juu ya makaa, kile kikombe kidogo si kidogo tena. Mwulize buni yake ya wapi. Wengi wanajua na wanapenda kuulizwa.

Sasa kwa nini nasumbuka kutafuta mbadala, si mtu anywe maji tu? Kwa sababu ukikaa barazani, iwe Jaws Corner pale Mji Mkongwe au kijiwe chochote Kariakoo, kahawa ndiyo inayokupa ruhusa ya kukaa. Unachukua kikombe, habari za mpira, za siasa, za msiba wa jirani, unachukua kingine. Mzee aliyeambiwa na daktari apunguze kahawa kwa ajili ya mapigo ya moyo, ukimwondolea kikombe umemwondoa barazani. Hilo linaniuma kweli. Kwa hiyo kipimo changu leo ni kimoja: kitu hiki kikitiwa kwenye kikombe cha baraza, cha moto, bila sukari, na kashata pembeni, kinasimama? Mbadala mtamu hautufai. Kashata ndiyo tamu, kinywaji kinatakiwa kiwe kichungu.

Tuanze na hili kopo. Hii ni kahawa halisi iliyotolewa kafeini, ya kuyeyuka kwenye maji moto. Jambo hili lilianza Bremen, Ujerumani, miaka ya mwanzo ya 1900, mfanyabiashara Ludwig Roselius ndiye aliyelifanya biashara. Yeye alitumia benzini kuiondoa kafeini, kitu ambacho leo hakikubaliki kwa chakula. Siku hizi viwanda vinatumia maji, hewa ya kaboni dioksidi iliyogandamizwa, au vimumunyisho vingine vinavyodhibitiwa. Tafuta kwenye lebo kama wameandika njia waliyotumia. Hawa hawakuandika, na kwa bei hii walipaswa kuandika.

Naonja. Ni kahawa, hapana ubishi. Uchungu upo wa mbele, wa nyuma haupo, ukimeza mdomo unabaki mtupu. Nikila kashata juu yake, nazi inaifunika kahawa kabisa. Na jueni kwamba "imetolewa kafeini" si sifuri. Sheria ya Ulaya inaruhusu hadi asilimia 0.3 kwenye kahawa ya kuyeyuka. Kwa mtu wa kawaida ni kidogo mno kumkosesha usingizi. Kinachonikera ni kwamba buni tunalima sisi, nyingi inatoka nchini ikiwa mbichi, halafu kopo la kutolewa kafeini tunalipokea dukani kwa bei ambayo mtu wa barazani haigusi. Lipo, linafanya kazi, lakini ni la mwenye nafasi.

La pili, soya. Ndugu zetu Wasabato wanaijua vizuri, kwa sababu mafundisho yao yanawaasa waache chai na kahawa, na wenzao wa imani hiyo kule Battle Creek, Michigan, walikuwa wakitengeneza vinywaji vya nafaka tangu karne ya 19. C. W. Post, aliyewahi kutibiwa kwenye sanatoriamu yao, ndiye aliyeanza kuuza Postum mwaka 1895, kinywaji cha ngano kisicho na kafeini. Kwa hiyo soya hii ina ukoo mrefu.

Unachambua soya, unaiosha, unaikausha, unaikaanga kwenye chungu au sufuria nzito bila mafuta, moto mdogo, unageuza bila kuacha. Usiishie kwenye rangi ya kahawia ya unga wa lishe. Nenda mpaka iwe kahawia iliyoiva kabisa, ganda linapasuka na moshi unaanza kuwa mwembamba. Hapo ipua haraka, kwa sababu soya ina mafuta na ikipita hapo inaungua ghafla, unapata uchungu wa mkaa.

Naonja. Mwili mzito, unajaza mdomo, na maziwa inakubali sana. Kavu kwenye kikombe cha baraza, hapana. Inabaki na harufu ya maharage hata uikaange namna gani. Ukitia tangawizi na iliki harufu inajificha nusu. Hii mimi naiona ni kinywaji cha asubuhi cha nyumbani, na watoto wanywe bila wasiwasi, isipokuwa mwenye mzio wa soya asiiguse. Barazani haifiki.

Haya, kokwa za tende. Hapa nitakaa kidogo.

Uarabuni, Oman na Ghuba yote, kokwa hazitupwi. Wengine huwalisha mifugo, wengine wanazikaanga na kuzisaga kuwa kahawa. Kwetu Ramadhani nzima tunakula tende na kokwa tunatupa jalalani, wakati ndiyo malighafi ya bure kuliko zote. Nilizikusanya, nikaziloweka usiku kucha, asubuhi nikazisugua. Hatua hii msiidharau. Nyama ya tende ikibaki imeng'ang'ania kwenye ule mfereji wa kokwa, ile sukari itaungua kabla kokwa haijaiva, na kahawa yote itakuwa na ladha ya kuungua. Angalieni hii hapa, na hii. Hii ina weusi kwenye mfereji, haikusuguliwa. Hii ni safi. Zikishakuwa safi unaanika juani mpaka zikauke kabisa.

Kukaanga kunataka subira. Kokwa ni ngumu, moto hauingii upesi. Mwanzo hakuna harufu yoyote, unadhani umekosea. Halafu zinaanza kutoa sauti, tak, tak, na harufu inageuka, inakwenda upande wa kakao. Zikiwa nyeusi mpaka ndani, vunja moja utazame kati, ipua. Na tafadhali usizitie kwenye blenda zima zima, utaharibu visu. Zitwange kwanza kwenye kinu zipasuke, halafu ndiyo usage, halafu uchekeche. Zilizobaki nene rudisha kinuni.

Kupika ni kama kahawa ya dele: maji, unga, kipande cha tangawizi, iliki mbili, chemsha taratibu, iache itulie machicha yashuke. Sogeza kamera. Mnaona hivi vijicho vya mafuta juu? Ni mafuta ya kokwa yenyewe, sikutia kitu.

Naonja... Hii ndiyo. Uchungu upo mbele na nyuma, mkavu, unashika ulimi. Nakula kashata. Nazi na sukari inakuja, halafu uchungu unarudi. Ndicho tunachokitafuta. Inapungukiwa na ule uchachu mdogo wa arabika, na mnywaji mkongwe atajua mara moja kwamba si buni. Lakini atamaliza kikombe, na atachukua cha pili.

Onyo kuhusu zile za kununua. Nilinunua pakiti iliyosagwa tayari, muuzaji simtaji. Lebo inasema inatibu kisukari, presha, mawe kwenye figo na nguvu za kiume. Haina tarehe ya kusagwa, haina orodha ya vilivyomo. Bidhaa inayotibu kila kitu na haisemi imetengenezwa na nini, mimi siinywi mbele yenu. Wenye kisukari, msiache dawa kwa ajili ya kikombe. Hiki ni kinywaji.

Rooibos, majani ya kichaka cha milima ya Cederberg, Afrika Kusini, haina kafeini kabisa na ni nzuri, ila hiyo hunywewa kama chai, haimfai mtu wa kahawa. Mchaichai, tangawizi, rosela, hayo mnayo majumbani. Rosela inaweza kushusha presha, anayetumia dawa za presha amwulize daktari kwanza.

Sasa namna ya kupunguza kabla ya mfungo. Usikate siku moja. Anza wiki mbili tatu kabla, na anza na kikombe cha jioni. Kafeini huchukua takriban masaa matano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu yake bado inazunguka. Hicho kifanye cha kokwa za tende. Baada ya siku chache changanya cha mchana, nusu buni nusu kokwa. Cha asubuhi kiache mwisho, kipunguze robo robo. Kichwa kikiuma kidogo, rudi nyuma hatua moja, tulia, endelea. Mama mjamzito kafeini inamkalia mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo kwake hata kile cha asubuhi ni cha kuzungumza na mhudumu wa kliniki.

Na unayeuza kahawa unayenitazama: beba dele la pili. Moja buni, moja kokwa, bei moja. Wateja wako wazee wapo, wanakuona ukipita na wanageuza uso kwa sababu wameambiwa wasinywe. Anayejaribu aniandikie hapo chini jinsi watu walivyoipokea, na atuambie amekaanga kwa moto wa nini, mkaa au gesi, maana nataka kujua kama ladha inabadilika. Mbegu za bamia nimeshazianika, zikikauka tutazikaanga hapa hapa. Kwa herini.