Mapitio ya AntConc: programu ya bure kwa watafiti wa Kiingereza na fasihi

Mwanafunzi wa uzamili wa vyuo vya Mlimani au Chang'ombe, Dar es Salaam, akirudishiwa kazi na msimamizi kwa maelezo kwamba "data haijachambuliwa", mara nyingi data yenyewe anayo. Insha za wanafunzi zimejaa kwenye bahasha, riwaya iko mezani. Anachokosa ni njia ya kuonyesha kwamba neno au kosa analolisema limejitokeza mara ngapi, kwenye kazi za wangapi, na limezungukwa na maneno gani. Hiyo ndiyo kazi ya AntConc. Imetengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, ipo tangu 2002, haiuzwi, na ukishaipakua haikuli bando hata kidogo. Kwa utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, hasa makosa ya wanafunzi, tunaiweka namba moja. Kwa uchambuzi wa fasihi tunaiweka namba mbili, na namba moja ni kukisoma kitabu chote kwa macho yako.

Ipakue kwenye tovuti ya Anthony mwenyewe, si kwenye flashi ya rafiki. Iko ya Windows, Mac na Linux. Windows huweza kutoa onyo la bluu kwamba programu haitambuliki. Kama umeitoa kwenye tovuti hiyo, bonyeza "More info" kisha "Run anyway". Toleo la 4 huchelewa kufunguka kwenye kompyuta kongwe, hivyo usibonyeze mara tatu ukidhani imekataa, utafungua madirisha matatu. Kompyuta ikiwa imechoka kabisa, toleo la 3.5.9 bado linapatikana hapohapo na linaendesha kazi ndogo bila taabu.

Programu inafanya kazi juu ya kopasi, yaani mkusanyo wa matini zilizohifadhiwa kama faili za kompyuta. Na hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibika, kabla programu haijafunguliwa.

Chukua utafiti wa kawaida: insha za kidato cha pili kutoka shule mbili za Ubungo na Temeke. Vibali vikishapita kwa mkoa, wilaya na mkuu wa shule, mtafiti anarudi na karatasi 60 za mwandiko wa mkono. Anazipeleka steshenari zikachapwe. Mchapaji anafungua Word, anachapa, na Word inamrekebishia kimyakimya: "recieve" inageuka "receive", "i" ndogo inakuwa kubwa, sentensi iliyoanza kwa herufi ndogo inanyooshwa. Mchapaji mwenyewe naye, kwa wema wake, anaongeza "s" iliyosahaulika. Karatasi zikirudi, nusu ya makosa uliyotaka kuyachunguza yameshasahihishwa, na hakuna programu duniani itakayokurudishia. Dawa yake ni kuzima marekebisho yote: ndani ya Word nenda "File", "Options", "Proofing", kisha "AutoCorrect Options", uondoe alama zote. Wengi hushauri kuchapa kwenye Notepad badala yake, na zamani ushauri huo ulitosha. Tangu 2024 Notepad ya Windows 11 nayo ina marekebisho ya tahajia, kwa hiyo zima na huko. Mchapaji umwambie wazi, kwa maandishi, kwamba kosa la mwanafunzi ni mali na lisiguswe. Kisha chukua angalau karatasi moja katika kila kumi uilinganishe na nakala iliyochapwa, herufi kwa herufi.

Kila insha iwe faili yake. Wapo wanaobandika insha zote kwenye faili moja ndefu kwa sababu inaonekana rahisi. AntConc itahesabu maneno, lakini safu ya "Range", inayoonyesha neno limetokea kwenye faili ngapi, itasoma 1 kila mahali. Hapo huwezi kujua kama kosa lililotokea mara 18 ni la wanafunzi 15 au la mmoja aliyelirudia rudia. Majina ya faili yabebe taarifa: F2_UB_K_014.txt, yaani kidato, wilaya, jinsia, namba. Jina la mwanafunzi lisionekane popote. Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuweka herufi unaochaguliwa wakati wa kuhifadhi faili. Ukihifadhi kwa mfumo mwingine, alama za kunukuu zilizopinda huweza kuharibika na kukusumbua kwenye kila orodha.

Tahajia mbovu inaleta mtego mwingine. Ukitafuta "because", programu haitaleta "becouse" wala "bicause", kwa hiyo hesabu yako ya viunganishi itakuwa pungufu. Weka folda mbili: moja ya insha kama zilivyoandikwa, nyingine yenye tahajia iliyonyooshwa tu, sarufi ikiachwa kama ilivyo. Makosa ya tahajia yatafute kwenye folda ya kwanza, ya sarufi kwenye ya pili. Ni kazi ya ziada ya siku chache, lakini mtahini akikuuliza umeshughulikiaje tahajia, una jibu.

Baada ya hapo programu inakuwa tamu. Fungua "Corpus Manager", chagua faili zako, ipe kopasi jina, bonyeza "Create". Nenda kwenye kichupo cha KWIC ("Key Word in Context", yaani neno ndani ya muktadha wake) uandike kosa unalolitafuta, tuseme "can be able". Kila tokeo linapangwa kwenye mstari wake, neno likiwa katikati na muktadha kushoto na kulia. Andika "discuss* about", na nyota itakuletea "discuss", "discussed" na "discussing" kwa mkupuo mmoja. Andika "he|she" usome mistari mmoja mmoja uone ni wapi mama kaitwa "he". Hilo la mwisho programu haiwezi kukuamulia. Inakusogezea mistari karibu, kuamua kipi ni kosa ni kazi yako, na ukiwa na mwenzako wa pili anayeamua bila kuona majibu yako, matokeo yanakuwa na uzito zaidi. Muktadha wa maneno 10 uliowekwa na programu haukutoshi kwa viwakilishi, uongeze hadi 20 au 25.

Waliofundishwa toleo la 3 wajihadhari na jambo moja. Toleo la 4 linapanga mistari kwa kuanza na mifumo inayojirudia zaidi, si kwa alfabeti. Ukitegemea alfabeti utaona kama mistari imevurugika. Mpangilio unabadilishwa chini ya dirisha.

Hesabu nazo zina adabu yake. Usiandike kwenye tasnifu kwamba kosa limetokea mara 18 shule A na mara 25 shule B kisha ukasema B wako nyuma. Angalia jumla ya maneno kwanza. Tuseme A wameandika maneno 12,400: zidisha 18 kwa 10,000, gawanya kwa 12,400, unapata 14.5 kwa kila maneno 10,000. Kama B waliandika maneno 20,000, zao 25 ni 12.5. Mambo yamegeuka. Programu yenyewe hupenda kutoa viwango kwa kila maneno milioni moja, kitu ambacho kwa insha 60 hakina maana. Kufikisha milioni kwa kukisia kutoka maneno elfu kumi na mbili ni kujidanganya. Kwa ukubwa huo wa kopasi achana pia na kichupo cha "Collocate", kinachotafuta maneno yanayofuatana. Vipimo vyake, hasa kile cha MI kinachopima nguvu ya uhusiano wa maneno mawili, hupenda maneno adimu, na neno lililotokea mara mbili tu litapanda kileleni. Ukilazimika, weka kiwango cha chini kuwa mara 5.

Unataka kulinganisha wanafunzi wako na Kiingereza cha Watanzania watu wazima? Kopasi ya ICE (International Corpus of English) ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na Josef Schmied na kutolewa 1999, ina matini za Kenya na Tanzania za miaka ya 1990. Matini zake ni za kale kidogo, lakini ni mwenzi mzuri zaidi wa kulinganisha kuliko magazeti ya London.

Sasa fasihi. Vitabu ambavyo hakimiliki imeisha vinapatikana bure Project Gutenberg, na Heart of Darkness ya Joseph Conrad ni mfano unaopendwa kwa sababu ni fupi na imezua mjadala mkubwa Afrika. Ukipakua, ondoa kwanza maelezo ya kisheria yaliyo mwanzo na mwisho wa faili. Usipoyaondoa, "donations" na "Gutenberg" vitaingia kwenye msamiati wa Conrad. Halafu programu kwa kawaida inahesabu herufi tu kama sehemu ya neno, hivyo "don't" itakatwa kuwa "don" na "t". Kama mazungumzo ni sehemu ya uchambuzi wako, ongeza alama ya ritifaa kwenye mpangilio wa "Token Definition" kabla ya kujenga kopasi, kisha hakikisha ni ileile inayotumika kwenye faili, iliyonyooka au iliyopinda.

Mwanaisimu Michael Stubbs alifanya kazi ya namna hii juu ya kitabu hichohicho mwaka 2005, akaonyesha jinsi maneno ya kutokuwa na hakika, kama "something", "somehow" na "seemed", yalivyotapakaa. Ni mfano mzuri wa kile programu inachokiweza: wahakiki walishahisi ukungu ndani ya riwaya, hesabu ikawaonyesha umetengenezwa kwa maneno gani. Kichupo cha "Plot" kinasaidia kuona neno limejazana sura zipi. Gawa riwaya kwa sura, kila sura faili yake, la sivyo mchoro utakuwa mstari mmoja tu mrefu.

Sasa msome Conrad sambamba na Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria. Katika mhadhara wake wa 1975 kule Massachusetts, moja ya hoja zake kali ni kwamba Conrad anawanyima Waafrika usemi, isipokuwa sehemu mbili. Tafuta "said" kwenye KWIC na utapata mistari mingi, yote ya waliosema. Wasiopewa nafasi ya kusema hawana mstari. Unaweza kuisaidia programu kwa kutafuta "they", "black" au "savage*" na kusoma ni vitenzi gani vinafuata, na hapo utapata ushahidi mzuri wa hoja ya Achebe. Lakini hoja yenyewe haikutoka kwenye orodha ya maneno. Mwanafunzi anayeanza na orodha akisubiri imwambie aandike nini, huishia na sura ya nne iliyojaa majedwali na msimamizi anayeuliza, "Kwa hiyo?"

Riwaya nyingi za Kiafrika zinazofundishwa sekondari bado zina hakimiliki, kwa hiyo watu huskani nakala zao. Hapa uchafu ni mwingi: "rn" inasomwa kama "m", neno lililokatwa mwisho wa mstari linakuwa maneno mawili, na jina la kitabu lililochapwa juu ya kila ukurasa linajitokeza kuwa neno kuu kuliko yote. Safisha hayo kabla ya kuhesabu chochote. Faili ikae kwenye kompyuta yako kwa utafiti wako. Kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa ni kuvunja sheria ya hakimiliki.

Kichupo cha "Keyword", kinachoonyesha maneno yaliyozidi kwenye matini zako kuliko kwingine, kinahitaji kopasi ya pili ya kulinganisha, na watu huchukua iliyo karibu, kama BE06 ya Kiingereza cha Uingereza. Matokeo yake ni majina ya wahusika, "said", "he" na "she", yaani umegundua kwamba riwaya ni riwaya. Linganisha riwaya na riwaya nyingine tano au sita za kipindi kimoja.

Ukihamisha matokeo, tumia "Save Current Tab Results" halafu fungua faili kwenye Excel. Mistari ya KWIC ukiibandika kwenye Word itapinda; ipe fonti ya Courier New ukubwa wa 9 na ukurasa uwe wa kulala. Kwenye sura ya mbinu taja namba kamili ya toleo, ukubwa wa kopasi na mipangilio uliyobadilisha.

Washindani wake? Voyant, programu ya kuchambua matini kupitia kivinjari, ni nzuri kwa michoro ila matumizi yake ya kawaida ni kupakia matini mtandaoni, na insha za watoto wa shule hazifai kupandishwa kwenye seva za watu. Sketch Engine inajua nomino na vitenzi, kitu ambacho AntConc haifanyi yenyewe, lakini baada ya siku 30 za majaribio inalipiwa. Anthony ana programu nyingine ya bure, TagAnt, inayoweka aina za maneno. Juu ya riwaya inafanya vizuri. Juu ya Kiingereza cha kidato cha pili hukosea, kwa sababu imezoea sentensi zilizonyooka, na itakubidi kupitia alama zake kwa mkono kabla ya kuzihesabu.