Darasa la maswali ya vijana, Ngamiani: mpeleke, kisha usimhoji

Hapa Tanga kijana hukhitimu juzuu zote 30 za Qur'ani, akafika kidato cha pili, ndipo maswali yanapomwanza. Kwa nini nichapwe kwa ajili ya swala? Jirani yetu mwema asiye Mwislamu ataishia wapi? Nitajuaje kama haya ni kweli? Vyuoni, yaani madrasani, wengi hujibiwa kwa "astaghfirullah" na mambo yakaishia hapo. Darasa hili la Jumamosi, kuanzia baada ya alasiri, katika chuo kimoja cha Ngamiani, limepangwa ili swali lisikatwe. Tunalipatia nyota nne kati ya tano.

Nguvu yake iko kwenye vikaratasi vya maswali visivyo na jina. Kila kijana hupewa kipande cha ukubwa mmoja na kalamu ya wino mmoja. Asiye na swali huandika aya yoyote, ili wote waonekane wakiandika. Huandika kwa herufi kubwa tu, maana maalim aliyewasomesha tangu alifu anazijua hati zao. Waliojaribu kuiga wakaruhusu karatasi za nyumbani waliharibu kazi: karatasi ya daftari humtaja mwenyewe. Anayesoma si anayejibu, na vikaratasi huchomwa uani palepale.

Majibu ni ya kina. Maalim huanzia Al-Baqara aya ya 260, Nabii Ibrahim anapomwomba Mola amwonyeshe anavyofufua wafu, si kwa kutoamini bali moyo wake upate kutulia. Kwa kijana aliyekua akiambiwa kuuliza ni ukafiri, hilo ni jambo kubwa mno. Kuhusu bakora, haikwepi hadithi ya Abu Daud, kwamba mtoto aamrishwe swala akiwa na miaka 7 na achapwe kwa kuiacha akiwa na miaka 10. Anaonyesha kwamba kati yake kuna miaka mitatu ya kuamrisha na kufundisha, kisha anataja masharti ya mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini: pigo lisijeruhi, lisiguse uso. Wazazi wengi wanaoishika hadithi hiyo hawajawahi kuyasikia masharti.

Nyota moja tumeinyima kwa sababu mbili. Vikaratasi vya wasichana hutoka nyuma ya pazia na kusomwa mwisho, adhana ikikaribia, na maswali yao ya kuozwa, mavazi na hedhi ndiyo yanayotaka muda. Vichanganywe vyote kapu moja kabla ya kusoma. La pili ni zito zaidi: kikaratasi cha anayepigwa nyumbani hadi kuvimba hakiwezi kujibiwa kifikihi na kuchomwa, na kwa kuwa hakina jina, hakuna wa kumfuata. Namba 116 ya kumsaidia mtoto, ambayo haina malipo, ibandikwe ukutani wote waione.

Mzazi, usikae mlangoni kumsubiri, na akirudi usimuulize aliandika nini. Akihisi kuna atakayemdai maelezo, Jumamosi inayofuata ataandika aya. Mwezi wa Ramadhani darasa husogezwa baada ya tarawehe, basi panga mapema nani atamrudisha binti usiku.