Fonti ya kizamani, A zote kovu moja

Inauzwa kama fonti ya mabango ya kale: nene, serifu, vile vijiguu vya kwenye ncha za herufi, ni za mraba na zinakaribia unene wa shina la herufi lenyewe, kingo zimelikalika kana kwamba zimechapwa kutoka kwenye ubao uliochakaa. Kwenye tangazo inavutia kweli. Sasa naelewa kwa nini waliionyesha kwa neno lisilo na herufi inayojirudia.

Mimi nikapiga BARAZA. A tatu, na zote zina mkwaruzo mweupe kwenye mguu wa kulia, umepanda hadi karibu na mstari wa kati. Pembe ileile, urefu uleule. Ukishauona husomi neno tena, unasoma makovu. Na Kiswahili bila A ni nini? WANANCHI, MAKALA, SALAMA, utakwepa wapi?

Kinachonikera ni kuuziwa ukale na mtu asiyeujua. Herufi za mbao, zile ambazo Darius Wells alianza kuzitengeneza kwa mashine huko New York mwaka 1827, zilikuwa vipande. Kila A ni kipande chake: hiki kiliwahi kuanguka, kile kimegongwa ukingoni, kingine kimepasuka kwa kukauka. Ukipanga neno lenye A tatu unapata chakavu tatu tofauti, ndiyo maana jicho linaliamini bango la zamani. Mafundi makini wa fonti huchora A tatu au nne mbadala, wakaziweka ndani ya faili, na programu inazibadilisha yenyewe unapoandika. Huyu kachora moja, akatosheka.

Nikamwandikia kwa adabu kabisa. Akajibu kwamba hakuna msomaji anayetazama kwa karibu hivyo, na pesa hairudishwi faili likishapakuliwa. Hakuna msomaji! Mtu anaishi kwa kuuza herufi, halafu anakuambia watu hawatazami herufi. Jibu hilo limeniuma kuliko hiyo pesa.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msiiguse. Ila kuna toleo safi, lisilo na mikwaruzo, linakuja kwenye kifurushi hichohicho, na lazima nikiri ni zuri sana. Mguu wa R unajikunja juu mwishoni, kama kwenye Clarendon, fonti ya Robert Besley iliyotoka London mwaka 1845. Tarakimu 2 na 5 zimeshiba. Kichwa cha habari cha neno moja kinasimama imara hata ukikitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa toleo hilo pekee ningelipa tena.

Lakini silo linalotangazwa, wala silo lililonifanya nilipe. Juzi nimekesha nikigeuza A kuwa michoro, nikiziba kovu hapa na kuchonga jingine pale, moja baada ya moja. Bango limetoka safi, mteja kafurahi. Kazi hiyo ilikuwa ya muuzaji, na hela yake alishaichukua.