Sunshine kwenye seva ya Linux isiyo na skrini: uzoefu wangu

Nilikuwa nimeshaandaa nyota moja. Natoa tatu, na hasira bado haijanitoka.

Kwa asiyeijua: Sunshine ni programu ya kurusha picha ya mchezo, hukaa kwenye seva yenye kadi ya picha; Moonlight ya kuipokea hukaa kwenye simu au runinga, na mchezo unachezwa sebuleni wakati mashine inanguruma stoo. NVIDIA walipoizima GameStream yao, iliyofanya kazi hiyo hiyo, mwaka 2023, wengi tulihamia huku. Ni programu huria, hakuna malipo wala akaunti. Kuunganisha ni kuandika PIN ya tarakimu nne kwenye ukurasa wa porti 47990. Kivinjari kitalalamikia cheti, kiache kilalamike.

Sasa sikia mtego wake. Wakati wa kusimika, skrini imechomekwa, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kama maji. Ichomoe skrini, peleka seva stoo, halafu umeme ukatike na urudi. Seva inawaka yenyewe, SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) inaingia, lakini Moonlight inakutupia kosa 503 na kukuuliza kama skrini imeunganishwa na imewashwa. Skrini? Ya nini tena, na seva iko stoo!

Hapo ndipo watu hupoteza usiku mzima wakibadilisha kodeki (mbinu ya kubana video), wakiondoa na kusimika upya. Acheni. Andika hii kwanza:

cat /sys/class/drm/card*-HDMI-A-1/status

Ukiona "disconnected", Sunshine haina kosa, nakubali kwa shingo upande. Kwa njia ya KMS (sehemu ya Linux inayosimamia skrini) inanasa kile kile kadi inachopeleka kwenye skrini. Pasipo skrini, kadi haipeleki kitu, na hakuna cha kunasa. (Kama umeijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, kila ukibadilisha faili la programu rudia setcap cap_sys_admin+p, maana ruhusa hiyo huondoka na faili la zamani.)

Dawa ya haraka ni plagi bandia ya HDMI, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachoidanganya kadi kwamba kuna skrini. Yangu iliandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Picha ikaja, ila mchezo mzito kama ugali wa jana. Nikapitisha edid-decode kwenye faili la edid la porti ile (EDID ni maelezo ambayo skrini huipa kadi kuhusu ukubwa na kasi yake): 3840x2160, Hz 30, basi. Eneokazi likachagua ukubwa huo wenyewe, na hata uiombe Moonlight fremu 60, zitakazobadilika ni 30 tu. Muuzaji nilipomrudia: "Kaka, si uliomba 4K? Hiyo hapo." Na akageukia mteja mwingine.

Nusura nirudi kwenye nyota moja. Lakini dawa ya kweli haiuzwi dukani. Skrini halisi ya 1080p ikiwa bado imechomekwa, nakili EDID yake:

cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid > 1080p.bin

Namba ya card yaweza kuwa 0 au nyingine. Faili likitoka tupu, umekosea porti. La kawaida ni baiti 128 au 256. Liweke /lib/firmware/edid/, kisha ongeza kwenye vigezo vya kerneli (kiini cha Linux):

drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/1080p.bin video=HDMI-A-1:1920x1080@60e

Ile "e" ya mwisho ndiyo inayolazimisha porti iwake bila kitu kuchomekwa. Na hapa ndipo wengi huanguka: amdgpu (kiendeshi cha kadi za AMD) ikipakiwa mapema ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia wakati wa kuwaka), diski kuu bado haijafunguka, faili halionekani, unarudi kwenye giza lile lile. Liingize ndani ya initramfs. Kwenye Arch Linux ni mstari wa FILES katika mkinitcpio.conf, kisha mkinitcpio -P. Hakikisha kwa dmesg | grep -i edid. Pia weka eneokazi lijiingize bila nywila, la sivyo utanaswa kwenye ukurasa wa kuingilia.

Kuhusu kucheza ukiwa mbali: 1080p kwa fremu 60 Moonlight hupanga Mbps 20, yaani kama GB 9 kwa saa. Kwa kifurushi cha simu, sahau. Ndani ya nyumba, seva kwa waya, haikwami.

Basi nyota tatu. Plagi sifuri, na muuzaji wake chini ya hapo.